Kujuana Si Kushirikiana

Imekuwa ada siku hizi, kila barazani anapotajwa mtunzi aliyefanikiwa, kusikia watu wakisema: "Sanaa ni kujuana tu." Husemwa kama neno la mwisho. Mimi nalipinga. Kujuana ni jambo moja na kushirikiana ni jingine, na sisi tunaoishi kwa maneno tunaangamia kwa kuyachanganya.

Tutazame kwetu. Siti binti Saad alitoka Fumba bila mali wala nasaba ya kumbeba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kikundi chake kurekodi santuri za Kiswahili. Akina Subeti, Buda na Mbaruk hawakuwa watu aliojuana nao karamuni. Walikuwa wenzake wa kazi, wakikutana nyumbani kwake usiku, wakiyapima maneno na kuyatafutia sauti. Na Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, haikuvuka karne kwa kupeana salamu. Imevuka kwa mazoezi, kwa mkubwa kumfunza mdogo, na kwa mdogo kustahamili kusahihishwa.

Leo je? Matamasha yametuletea wageni wengi: lile la filamu tangu 1998, la Sauti za Busara tangu 2004. Siyalaumu. Najilaumu sisi, tunaorudi majumbani na nambari za simu ishirini, na hatujasoma hata ubeti mmoja wa mwenzetu. Tunatafuta mtu wa kutushika mkono. Hatutafuti mtu wa kutuambia kuwa mizani imepotea.

Nami nina donda langu. Miaka mingi nyuma nilimpa mwimbaji mmoja, rafiki wa kula naye sinia moja, utungo wa beti sita. Akauimba, ukapendwa, ukavuka bahari. Siku moja nikausikia harusini, na mshereheshaji akatangaza kuwa maneno ni ya mwimbaji mwenyewe. Nilipomwuliza, alicheka: "Kwani sisi si ndugu?" Ni ndugu, naam. Lakini undugu ukigeuzwa kisingizio cha kula jasho la ndugu, bora adui, kwani adui mtu hujihadhari naye.

Nakiri kosa langu pia: hatukuandikiana. Niliona haya. Kwetu Visiwani, kumtaka sahibu karatasi huonekana ni kumtukana. Haya hii inatoka wapi? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani imeagiza deni liandikwe, na walioagizwa ni waumini, si wezi. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003. Lakini sheria haimsaidii anayeona aibu kulitaja jina lake.

Basi nasema wazi. Mwimbaji amtaje mtunzi kabla ya kuimba. Malipo yakija, yagawanywe kama yalivyoandikwa, si kama yatakavyokumbukwa. Mtunzi naye asiufiche ujuzi wake: amketishe kijana barazani, amfunze vina, na akimtumia shairi lake, amlipe. Hapo ndipo mtandao wa kweli unaposukwa, kama ukili: uzi kwa uzi, kwa mkono ulio kazini.

Ama anayengoja kujuana, na angoje. Atajulikana na wengi, na siku atakapohitaji mwenzi wa kumalizia ubeti, hatampata.