Ukuta Hauchaguliwi Dukani

Ndugu msomaji, Jumapili hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku linapowagharimu, nalo ni kuchagua rangi ya chumba. Simsemi anayetaka buluu wala anayetaka kijani, maana hao wanakijua wanachokitaka. Nawasema baba na mama waliosimama mbele ya kaunta, wana fedha walizozidunduliza miezi kadhaa, nao wameshika kadi yenye vipande sita vya rangi ya beji, vyote vikifanana kama vifaranga vya kuku mmoja. Mama aona tofauti, baba haioni. Muuzaji ana haraka. Mwishowe baba hunyoosha kidole, na mambo yakaisha.

Hayakuisha. Rangi ikikauka nyumbani, ile iliyoitwa ya mchanga imekuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto, na fedha haipo tena.

Beji si rangi moja. Ni nyeupe iliyotiwa chembe za nyingine: njano, nyekundu, kijani au kijivu. Chembe hizo hazijitokezi katika kipande kidogo cha kadi, lakini katika kuta nne zinazotazamana na kuangaziana, hukua. Basi usivitazame vipande hivyo kimoja kimoja. Vipange pamoja juu ya karatasi nyeupe, na papo hapo chenye uwaridi na chenye ukijani vitajitaja vyenyewe.

Hata hivyo, hapo bado hujaiona rangi ya ukuta wako. Katika karne ya 19 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea. Alipozichunguza aliona kuwa hazina kosa. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizohadaa macho. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1839. Vivyo hivyo, sakafu yako nyekundu, pazia lako, vitambaa vya makochi na hata mwembe ulio dirishani, vyote vina fungu lake katika rangi ya ukuta.

Mwanga nao una lake. Chumba chenye dirisha la magharibi huwa na sura moja asubuhi na nyingine jua linapotua. Usiku, taa ya mwanga wa njano, yenye alama ya 2700K, huipasha beji moto. Ile nyeupe ya 6500K huipoza mpaka pengine ikafanana na kijivu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua rangi mbili au tatu, ununue kopo dogo kabisa la kila moja. Paka mikono miwili juu ya kipande cha kadibodi chenye upana wa nusu mita, kisha uache kikauke barabara, kwa kuwa rangi nyingi za maji hukolea zikikauka. Kiegemeze karibu na dirisha, kisha pembeni penye giza, kisha jirani na makochi. Kitazame asubuhi, adhuhuri na wakati wa taa, kwa muda wa siku mbili.

Ukisharidhika, piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za takriban mita za mraba 38; ukitoa mlango na dirisha hubaki kama 34. Kwa mikono miwili ni 68. Lita moja ikifunika mita 10 hivi katika ukuta laini, utahitaji karibu lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Yachanganye yote katika ndoo moja kabla ya kuanza, ili ukuta mmoja usije ukamkana mwenziwe.

Lakini nasaha yangu kubwa ni hii: anayelipa si lazima awe ndiye anayekaa. Baba hutoka alfajiri na kurudi usiku. Kuta hutazamwa na wengine. Muulize mama ashindaye humo. Muulize mtoto asomaye humo usiku. Muulize bibi ambaye macho yake yamefifia, naye huenda akakuambia kwamba mlango ukipakwa beji ileile ya ukuta, yeye hauoni tena. Upake fremu rangi iliyokolea, umwondolee kupapasa. Siku mbili za kuulizana na kutazama hazigharimu kitu ukizilinganisha na miaka ya kuishi na kosa.