Iridium Haitakupa Ushindi

Kuna imani imekita mizizi Kariakoo, kuanzia maduka ya spea ya Gerezani na Shaurimoyo mpaka gereji za Ilala, kwamba ukifunga plagi za iridium gari linaongezeka nguvu. Muuzaji anaisema kwa sababu inauza. Fundi anaiitikia kwa sababu hataki kubishana na mteja aliyekwisha kuamua. Kijana mwenye Altezza, Subaru au Chaser anayejiandaa kushindana mbio fupi za mita 402 anailipia, kisha anaapa kwa wenzake kwamba gari "limefunguka". Imani hiyo si kweli. Ingekuwa inamaliza hela tu ningenyamaza, lakini inaua injini.

Nguvu ya injini inatokana na hewa na petroli vinavyoingia kwenye silinda na kuungua kwa wakati wake. Plagi inatoa cheche tu. Ni njiti ya kiberiti: inawasha jiko, haiongezi mkaa. Mchanganyiko ukishashika moto sawasawa, hakuna cheche ya bei mbaya itakayoufanya uungue mara mbili. Kama gari lako lilichangamka baada ya kubadilisha plagi, basi zile za zamani zilikuwa zimechoka, gari lilikuwa linamisi kidogo kidogo na wewe umelizoea hivyo. Plagi mpya za kawaida, zile ambazo mafundi wanaziita za kopa, zingekurudishia nguvu ileile na chenji ingebaki mfukoni.

Iridium ina sifa zake, na sizikatai. Inayeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,400 za Selsiasi, wakati nikeli ya plagi za kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 1,455. Ndiyo maana ncha yake inaweza kuwa nyembamba sana, milimita 0.6 kwenye baadhi ya plagi za NGK na 0.4 kwenye baadhi ya Denso, bila kuliwa upesi. Ncha nyembamba inarusha cheche kwa umeme mdogo zaidi, na plagi inaweza kufika kilomita 100,000, wakati ya kopa inaanza kuchoka kwenye 20,000 au 30,000. Viwanda vya Japani viliipenda ili mwenye gari asifungue injini mara kwa mara. Sasa niambie, mtu anayechomoa plagi zake kila baada ya mbio ili azikague ana haja gani na uhai wa kilomita 100,000?

Kinachoamua ni namba, na hapo ndipo maduka yetu yanapotuangusha. Nenda na gari lolote la Toyota, uliza plagi, utasikia: "Hii inaingia, bosi." Ni kweli inaingia. Magari mengi ya Japani yana uzi wa milimita 14, kwa hiyo karibu plagi yoyote yenye urefu unaofanana itakaza vizuri na gari litawaka. Lakini kila plagi ina kiwango chake cha kupitisha joto kutoka kwenye ncha kwenda kwenye silinda hedi. Ncha inatakiwa ikae kati ya nyuzi 450 hivi na 850. Ikiwa chini ya hapo inashika masizi. Ikizidi sana hapo inageuka kaa la moto, inawasha petroli kabla ya cheche, na pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Pistoni iliyotoboka katikati kama imechomwa na bisibisi ya moto ni kazi ya dakika chache tu.

Kwenye NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi: BKR7E ni ya baridi kuliko BKR6E. Denso nayo inapanda hivyohivyo ila kwa namba zake, 20 ikikaribiana na 6 ya NGK, 22 na 7, 24 na 8. Bosch imegeuza kabisa: kwao namba ndogo ndiyo ya baridi. Muuzaji anayekubadilishia NGK kwa Bosch kwa kusema "namba inakaribiana" anaweza kukufungia plagi ya moto kwenye injini uliyoipandishia presha ya turbo. NGK wenyewe wanashauri kwenda ngazi moja ya baridi zaidi kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Mtu aliyefunga turbo kubwa kwenye 1JZ-GTE, kisha akaweka iridium ya namba ya kiwandani kwa sababu boksi lilikuwa la dhahabu, amelipia njia ya mkato kwenda kununua injini nyingine.

Na Dar es Salaam ina joto lake. Mafundi wetu wanaiga sana Nairobi, ambako utamaduni wa mashindano ya magari ni wa siku nyingi. Lakini Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,700, na presha ya hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko hapa Msimbazi. Injini isiyo na turbo ikishuka pwani inavuta hewa nyingi zaidi na silinda zinabanwa zaidi. Juu ya hilo kuna jua letu, foleni ya kutokea mjini, na ukweli kwamba injini nyingi za michezo za Japani zilitungwa kwa petroli ya okteni ya juu ya kwao. Namba iliyomfaa mtu wa Nairobi inaweza isikufae wewe.

Baada ya namba kuna gepu. Plagi nyingi za Denso na NGK zinaishia na 11, maana yake gepu ya milimita 1.1. Kwa matumizi ya kawaida ni sawa. Lakini presha ndani ya silinda ikiongezeka, cheche inapata shida kuruka, na ndiyo maana gari la turbo linachapa vizuri mpaka presha ipande, kisha linaanza kukohoa. Mwenye gari anakimbilia plagi za bei zaidi, wakati dawa mara nyingi ni kubana gepu hadi 0.7 au 0.8 kwa fila geji, au kukagua koili. Hapa tena ya kopa inamfaa mwanamashindano: unaibana bila woga. Ncha ya iridium ukiichokonoa vibaya inakatika, na ukiisugua kwa msasa, kama wengi wanavyofanya, umeiharibu.

Fundi anayejua kazi hategemei boksi. Anaangalia plagi iliyotumika. Gari likimaliza kukimbia kwa nguvu zote, linazimwa hapohapo bila kuachwa lisailensi, injini inapoa, kisha plagi zinatolewa moja moja na kupangwa kwa mfuatano wa silinda. Kauri yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeusi kavu inasema petroli imezidi, nyeusi yenye mafuta inasema ringi zimechoka. Nyeupe pee kama chokaa ni onyo. Ikiwa na vitone vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha, hayo ni mabaki ya pistoni yako, na siku hiyo hakuna mashindano tena.

Imani hii ya iridium ndiyo inayolisha plagi feki vilevile. Mteja anayedai iridium kwa bei ya kopa atatafutiwa tu. Boksi litakuwa na maandishi yote, lakini ncha ni nene, au kipande cha rangi tu kimebandikwa juu ya chuma cha kawaida. Tume ya Ushindani na TBS wana kazi yao ya kukamata bandia, ila hakuna ukaguzi utakaoshinda mteja anayenunua jina bila kujua anachotafuta. Plagi ya kopa halisi ya namba sahihi ni bora mara kumi kuliko iridium ya kuigiza.

Nchi hii imewahi kuonyesha maana ya kuandaa gari. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo akiwa na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Lile lilikuwa gari la familia la injini ya lita 1.6. Lilishinda kwa sababu lilikazwa, likakaguliwa na likafika. Leo naona kijana ana plagi za bei kali, na chini yake kuna matairi yaliyopasuka kingo, breki za mtumba, klachi inayoteleza na radieta iliyozibwa kwa gundi. Hela ya plagi zile ingenunua mafuta mazuri ya breki na kusafisha radieta, na gari lingehimili mbio na kusimama pia.

Na likishaandaliwa, lisijaribiwe usiku kwenye Barabara ya Nyerere au Sam Nujoma. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na bodaboda anayevuka hajui kama unahesabu sekunde. Wasimamizi wa michezo ya magari watupatie sehemu iliyofungwa, yenye gari la wagonjwa na zimamoto.

Mafundi, mwandikieni mteja namba ya plagi na gepu kwenye karatasi kabla hamjamtuma dukani. Na wewe uliyeshika karatasi hiyo, ukiambiwa namba yako imeisha lakini kuna iridium nzuri zaidi, rudisha boksi nenda duka la pili.