Betri ya kupinda ni sawa, lakini mimi nataka ile ya rangi

Wasee, mimi siamini asilimia ya betri. Simu inakuonyesha 23%, unapiga simu moja tu, imezima. Unanunua simu ya mtumba, muuzaji anakuonyesha 100%, kumbe betri ni mzee ambaye hawezi kupanda ngazi. Ile namba ni programu inakisia. Inapima volti na mkondo wa umeme, halafu inapiga hesabu. Betri ikizeeka, hesabu inapotea njia.

Sasa maabara kadhaa duniani zinatengeneza vifaa vya kuhifadhi umeme vinavyopinda kama kadi na kubadilisha rangi. Watu wengi wanashangilia ile kupinda. Poa. Lakini kwangu, habari iko kwa rangi.

Mambo ni hivi. Chukua tungsteni oksaidi. Bila chaji, ni filamu nyembamba inayopitisha mwanga. Ukiichaji, elektroni zinaingia pamoja na ayoni za lithiamu, na inageuka buluu. Ukitumia ule umeme, ayoni zinatoka na buluu inafifia. Satyen Deb alionyesha rangi hiyo ya tungsteni oksaidi tangu 1969. Polianilini nayo, plastiki inayopitisha umeme, hutoka manjano hafifu, ikapita kijani, ikafika buluu.

Umeshika? Kile kinachoweka umeme ndicho kinacholeta rangi. Hakuna mkalimani katikati. Ni kama titresheni ya KCSE: rangi ikigeuka kwa chupa, imegeuka, haijalishi ulikuwa unaombea nini. Na filamu ikichoka, tofauti ya rangi inapungua. Yaani hata uzee unauona kwa macho.

Kupinda ndiko kunasumbua. Kioo kinachopitisha umeme na mwanga kwa kawaida hupakwa indiamu na bati oksaidi, na hiyo ukiikunja mara nyingi inapasuka. Ndio maana watafiti wanajaribu nyuzi ndogo sana za fedha juu ya plastiki, na jeli badala ya maji ya betri, ili kusivuje.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini hizo hazibebi umeme mwingi." Kweli kabisa. Filamu lazima iwe nyembamba ndio mwanga upite, kwa hivyo chaji ni kidogo. Haitaendesha bodaboda ya umeme. Haitaokoa simu yako ukiwa kwa jam ya Thika Road.

Lakini si kila kitu kinahitaji umeme mwingi. Fikiria kibandiko cha kupima mapigo ya moyo, ama kipimajoto ndani ya kisanduku cha chanjo kinachoenda zahanati ya mbali. Hapo swali ni moja: kina nguvu ama kimekufa? Nyanya yangu hahitaji skrini kujua buluu imeisha. Nesi mwenye haraka pia hahitaji.

Maoni yangu ni haya: tumezoea kuuziwa vifaa vilivyofungwa kama siri, halafu tunaamini chochote skrini inasema. Kupinda kutauza simu za bei kali. Rangi inampa mnunuzi wa kawaida kitu ambacho hajawahi kupewa: kujionea mwenyewe. Kama pesa za utafiti ni za kugawanya, mimi napigia kura rangi.

Wewe je, ungechukua betri inayojikunja, ama ile isiyoweza kukuficha kitu?