Kalamu yako ikifungua duka, utaiitaje?

Nimerejea juzi kutoka Bumula, kule Bungoma, nilikokwenda kuwajulia hali wazee na kula mahindi ya kuchoma. Nimerudi na swali lililoninyima usingizi kuliko hayo mahindi.

Swali lenyewe alinitupia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alihitimu chuo kikuu miaka mitatu iliyopita na, kama wengi wa rika lake, akakosa ajira. Sasa anaandika. Usiku kijiji kimelala, yeye yuko mezani na kompyuta ya mitumba, akiwaandikia watu wa ng'ambo asiowajua, kupitia akaunti yenye jina la mtu mwingine. Mwenye akaunti hiyo yuko Nairobi. Hulipwa yeye kwanza, kisha humtumia binti nusu, tena siku anapokumbuka. Mtoto wa watu amechoka. Anataka kuwa mwandishi wa kujitegemea, awe na biashara yake na tovuti yake.

"Khocha," aliniambia, maana ndivyo sisi Wabukusu tumwitavyo mjomba, "nisaidie jina tu. Mengine nitayaweza."

Akanipa daftari. Nilikuta majina kumi na moja, yote ya Kiingereza, yote yakijitapa kwamba ni bora duniani. Moja lilikuwa na neno London ndani yake. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Khocha, mteja akijua niko Bumula, atanilipa bei ya Bumula."

Usiharakishe kumlaumu, msomaji wangu. Hoja yake ina uzito, na mimi sikuwa na jibu la papo hapo. Wako wateja wanaopima neno kwa mahali lilikotoka kabla ya kulisoma. Lakini jina la London litakufaa mpaka siku mteja atakapotaka kukupigia simu, ama ankara itakapomwonyesha kwamba pesa zinakwenda Bungoma. Siku hiyo hataangalia tena uzuri wa kazi yako. Atajiuliza ni lipi jingine ulilomdanganya.

Na kwani lugha yetu imewahi kumfukuza mteja? Tazama ule mchezo wa kupanga vipande vya mbao mpaka mnara uanguke. Aliyeupeleka sokoni mwaka 1983, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini London, ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Afrika Mashariki. Aliuita Jenga. Wafanyabiashara walitaka jina hilo libadilishwe, eti halina maana kwa wanunuzi. Alikataa katakata. Leo watoto wa Marekani wanalitamka bila kujua kwamba wanazungumza Kiswahili. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, vijana waliounda programu ya kukusanya habari za matukio waliiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye ilitumika katika tetemeko la ardhi la Haiti kwa jina lilo hilo. M-Pesa nayo, tangu 2007, imevuka mipaka bila kubadilishiwa jina.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kila duka lipewe jina la kienyeji. Nasema jina liwe la kweli, na hapa Bumula ni pazuri pa kujifunzia. Kwetu jina la mtoto hutaja majira. Wafula na Nafula ni wa mvua. Simiyu ni wa kiangazi. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, naye Wanjala, masikini, alikuja wakati wa njaa. Ukisikia jina, umekwisha kujua shamba lilikuwaje siku ile.

Basi nikamwuliza mpwa wangu: biashara yako imezaliwa majira gani? Inauza nini hasa?

Hapo akanyamaza. Kisha akaniambia kweli: sehemu kubwa ya kazi yake ya usiku ni insha za wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, wanaozipeleka kwa walimu wao kana kwamba wameziandika wao. Nilimweleza kwamba huko England sheria ya mwaka 2022 imefanya kuuza insha za namna hiyo kuwa kosa. Lakini hata bila sheria, fikiria: kazi ambayo lazima mnunuzi afute jina lako kabla ya kuitumia, utaitundikia kibao gani?

Dada yangu alikuwa jikoni akitusikiliza, nasi hatuna habari. Akatoka na mwiko mkononi. "Na ule wasifu wa marehemu mzee wa Kimaeti, uliowaliza watu matangani, nani aliuandika? Na ripoti ya chama chetu? Na barua ya wakulima kuhusu malipo yao?" Yote aliyaandika binti, bure. Hakuyahesabu kuwa kazi kwa sababu hayakuandikwa usiku kwa dola. Kumbe kuna shule zinazotaka majarida, vyama vya akiba na mikopo vinavyotaka ripoti inayosomeka, familia zinazotaka historia ya babu iandikwe kabla babu hajaondoka nayo. Wa ng'ambo nao wapo, wanaolipia makala halali. Daftari likafunguliwa upya.

Kuna mambo tuliyojaribu, na hata wewe mwanafunzi unayesoma hapa waweza kuyajaribu. Tulimpigia shangazi yake aliye Kitale, tukamtajia jina mara moja tu na kumwomba aliandike. Matatu yalianguka hapo hapo, kwani shangazi aliyaandika kila moja kivyake, na mteja naye angefanya vivyo hivyo akitafuta tovuti. Kisha tukayaandika bila nafasi, maana katika anwani ya tovuti maneno hushikana. Moja nililolipenda mno lilikuwa Sema Tusikie. Liandike kwa pamoja, sematusikie, uone jicho lako linakomea wapi. Dada yangu alisema hawezi kuwa na mtoto anayeuza matusi.

Upande wa sheria si mgumu. Ukifanya biashara kwa jina lako kamili bila nyongeza, Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara haikulazimishi kulisajili. Ukiongeza neno lolote, sajili. Siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, nawe hutoa majina kadhaa kwa kufuata unalolipenda zaidi, kwa kuwa lile la kwanza huenda limekwisha kuchukuliwa. Jina linalofanana mno na la mwingine hukataliwa. Fahamu pia kwamba usajili huo haukupi alama ya biashara, hiyo huombwa kwa taasisi ya KIPI. Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC: .co.ke ni ya biashara, .me.ke ya mtu binafsi. Hulipiwa upya muda ukiisha, na ukisahau, jina lako linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo tafuta pande zote mbili usiku huo huo, kabla hujachapisha kadi.

Tulipomaliza, jogoo wa kwanza alikuwa amewika. Yalibaki majina mawili. Moja lina jina lake la kuzaliwa ndani yake, nalo lataja mahindi yalikuwa katika hali gani siku aliyozaliwa. Ndilo alilolichagua. Aliniuliza kama na neno Bumula liandikwe chini yake, kwa herufi ndogo. Nikamwambia si ndogo.

Jina lenyewe sitalitaja leo, mpenzi msomaji. Msajili hajajibu, na gazeti hili husomwa na wengi.