Kisiwa Kisicho na Bahari

Kisiwa, tulifundishwa shuleni, ni nchi iliyozungukwa na maji. Komoro na Shelisheli zaishi kwa kungojea meli, nasi twawahurumia jirani zetu hao meli zinapochelewa. Lakini huko Masieda, wilayani Mbulu, mbali kabisa na pwani, watu nao hungojea meli, ingawa wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikaifunga njia kwa siku sita. Februari 2022 Urusi, mmoja wa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, iliivamia Ukraine kwa majeshi mengi. Tangu Novemba 2023 mashambulio ya Bahari ya Shamu yakazilazimisha meli nyingi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Katika mambo hayo yote mkulima wa Masieda hakuulizwa neno. Aliambiwa bei tu.

Mwaka 2022 mfuko wa yurea wa kilo 50 ulipita shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, siku ya wakulima, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku. Shilingi bilioni 150 zilitengwa, na mfuko ukashuka hadi 70,000. Lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu bila kusita.

Lakini bei ile ilikoma mlangoni pa wakala. Kutoka hapo mkulima wa kijiji cha mbali hulipa nauli yake, nauli ya mfuko, na siku nzima ya kazi shambani iliyompotea. Mwenye kutaka mifuko ishirini hukodi gari, na gharama ikagawanyika. Mwenye kutaka mfuko mmoja, naye ndiye maskini, huulipia peke yake. Tena mafuta ya petroli ni yale yale yaliyopandishwa na vita, na orodha ya EWURA ya kila mwezi huonyesha kuwa Mbulu huyanunua kwa bei kubwa kuliko Dar es Salaam.

Wako wasemao: Minjingu imo katika Manyara hii hii, ya nini kungojea meli? Hoja hiyo ina nusu ya kweli. Fosfeti ya Minjingu ni mali yetu na yafaa itumiwe zaidi. Hata hivyo mahindi hutaka naitrojeni pia, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka ng'ambo. Na mfuko wa Minjingu nao hauna mabawa. Hupakiwa katika lori, ukapanda kwa Babati, Dareda na Dongobesh kama mifuko mingine.

Hatutazamii vita vya dunia vikomeshwe kwa azimio la kijiji. Twaitaka Wizara ya Kilimo pamoja na Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu waihesabu ruzuku mpaka ghalani kijijini, nauli ikiwa ndani yake, na maghala hayo yajazwe ifikapo Oktoba, barabara ingali kavu.