Tupime Visa vya Kuigiza Kabla ya Kuviingiza Darasani

Hapana mwalimu asiyejua kwamba mtoto hulishika upesi zaidi jambo alilolitenda kuliko jambo aliloambiwa. Kwa sababu hiyo uigizaji umepewa nafasi ya heshima miongoni mwa mbinu za kufundishia, na kila mwanachuo hutakiwa aujaribu katika mazoezi ya kufundisha. Lakini swali moja huulizwa kwa nadra: kisa chenyewe kinachoigizwa kina thamani gani? Makala hii yakusudia kutoa maoni juu ya visa vilivyokwisha kuchapishwa, ambavyo mwalimu huvikuta vimekamilika na huona nafuu kuvitumia kama vilivyo.

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huu hauna maneno ya kukariri. Watu wachache huketi pamoja; kila mmoja huchukua nafasi ya mtu wa kubuni, awe askari, mchawi au mwizi. Kiongozi husimulia mahali walipo na yanayowakabili, kisha huuliza: "Mtafanya nini?" Pale matokeo yasipokuwa na hakika, dadu hutupwa. Ili kumpunguzia kiongozi kazi, huchapishwa vitabu vya visa, na vingine vya nchi nzima za kubuni, pamoja na ramani, wakazi na hatari zake. Mwalimu wa Ifakara aweza kuutumia mchezo wa namna hii bila gharama: punje za mahindi zilizopakwa masizi upande mmoja zatosha kuwa dadu, na darasa kubwa laweza kugawanywa katika makundi yenye wasemaji wao. Kinachohitaji uangalifu si vifaa, bali kisa.

Kwa maoni yangu, kisa kipimwe kwa swali moja: je, kinamwachia mtoto uamuzi wa kweli? Uamuzi wa kweli una sifa tatu. Njia ziwe zaidi ya moja. Mtoto awe na habari za kumwezesha kuzipima. Na kila njia iwe na faida na hasara yake. Uzuri wa picha na wingi wa majoka si vipimo.

Tutazame mifano miwili, yote ya Gygax mwenyewe. Kisa cha Tomb of Horrors, kilichochapishwa mwaka 1978, kinahusu kaburi lililojaa mitego. Ukutani mna uso wa shetani uliochongwa, kinywa wazi na cheusi; mchezaji aingiaye humo hupotea kabisa, wala dadu haimwokoi. Watu wazima waliozoea mchezo waliweza kufurahia ukali huo. Lakini mtoto wa Darasa la Tano akiadhibiwa kwa kosa ambalo hakuwa na njia nzuri ya kulitambua, hatajifunza kufikiri. Atajifunza kunyamaza na kumtazama mwalimu usoni ili akisie analolitaka. Ugonjwa huo tayari tunao wa kutosha madarasani. Kisa cha pili, The Keep on the Borderlands cha mwaka 1979, kina ngome mpakani na mapango jirani. Wachezaji huamua waende wapi kwanza, wafanye urafiki na nani na warudi nyuma lini. Wakazi wa ngome hawakupewa hata majina. Kazi hiyo imeachwa kwa kiongozi. Wengine huuita upungufu. Kwa mwalimu ni fursa, kwa maana anaweza kuwapa wakazi hao majina na shughuli ambazo watoto wanazifahamu.

Jambo la pili la kuchunguza ni mahali. Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ya Marekani ilitoa Nyambe, kitabu cha Christopher Dolunt kinachoeleza bara la kubuni lililojengwa kwa mambo ya tamaduni nyingi za Kiafrika. Nia ilikuwa njema, na mwalimu aweza kuokota humo mambo ya manufaa. Hata hivyo majina ya Kiafrika pekee hayaifanyi nchi ya kubuni iwafae watoto wetu. Mahali pazuri katika kisa ni pale panapoubana uamuzi. Fikirini Mto Kilombero wakati wa masika. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018, wasafiri wa kati ya Ifakara na Mahenge walitegemea kivuko. Tuseme mashujaa wamefika ukingoni na mbegu ya mpunga ya kijiji kizima, na maji yamepanda. Wakingoja, mbegu italowa na msimu utapita. Wakichukua mtumbwi, kuna mkondo na viboko. Wakirudi, watasema nini mbele ya wazee? Hapa mto si picha ya pambo. Unawalazimisha watoto wajadiliane. Nao wana habari za kupimia, maana wengi wao wamekwisha kulala katika madungu ya mashambani na wanajua maji hupandaje. Kwa hiyo msomapo kitabu chochote cha nchi ya kubuni, ulizeni: nikiuondoa mto huu au mlima huu, je, uamuzi wa wachezaji utabadilika? Kama haubadiliki, mahali hapo ni mapambo tu.

Jambo la tatu ni zito kuliko yote, nalo ni adui. Visa vingi vya namna hii vina maadui waliokwisha kuhukumiwa kabla mchezo haujaanza. Hujulikana kwa sura yao, na kuwaua ni sifa. Katika mapango ya kisa cha ngome nilichokitaja, kitabu chataja hata wake na watoto wa viumbe hao, na kumwachia kiongozi mzigo wa kuamua watendewe nini. Katika nchi yetu suala hili si la mchezo. Tunajua kuwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyaleta. Tunajua pia kuwa watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Basi kisa ambacho adui wake ni bibi kizee mwenye macho mekundu, au kiumbe cha ajabu chenye ngozi nyeupe, kisiingizwe darasani kama kilivyo, hata kama kimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Mtoto aliyepewa adui wa namna hiyo hakupewa uamuzi. Amepewa hukumu, naye ataibeba hadi kwa jirani yake.

Wako watakaosema: kama hivyo ndivyo, tuyaache majini na mazimwi yote, tuigize habari za kweli tu. Sikubaliani nao. Watoto wetu wamelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa sungura husema. Jambo la kubuni humpa mtoto nafasi ya kujaribu uamuzi mgumu bila kumdhuru mtu. Kinachotakiwa ni kuchuja, si kufunga mlango.

Aidha, visa vya kuchuja si vya kigeni peke yake. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ina safari ya bahari, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu wawili waliomtupa Adili baharini kwa wivu. Hao hawajulikani kwa sura. Ni ndugu wa tumbo moja. Simamisheni hadithi kabla ya kila tukio kubwa, mkawaulize watoto: "Ungekuwa Adili, ungefanya nini?" Kisha wapeni muda wabishane.

Basi, ndugu wanachuo, kabla ya kuandika andalio la somo la kuigiza, chukueni kalamu mkapige mstari chini ya kila mahali ambapo mtoto ataamua jambo. Ukurasa usio na mstari hata mmoja ni wa kusomwa kwa sauti, si wa kuigizwa. Na mkimkuta adui, ulizeni angefanana na nani kijijini kwenu. Jibu likiwa ni mtu mnayemfahamu, badilisheni adui huyo au kiacheni kisa hicho.