Bwawa la Nyerere lipimwe hadi chini

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, gumzo limekuwa megawati zake 2,115. Umeme tunauhitaji, lakini tusisahau maji yenyewe. Bwawa lenye kina kirefu hujigawa matabaka: maji ya juu, yaliyopashwa na jua, huwa mepesi; ya chini hubaki baridi na mazito. Yasipochanganyika, bakteria wanaoozesha mimea iliyozama humaliza oksijeni ya chini. Maji hayo yakifunguliwa kwenda mtoni, samaki wanaweza kufa na wavuvi wa Rufiji wakakosa riziki. Wahusika wapime joto na oksijeni katika kila kina, na wananchi watangaziwe matokeo. Kupima ujazo pekee hakutoshi.